Kyubu zimefaulu kwa 42, bimu zimefeli kwa 3.6: tatizo ni zege au ni mimi niliyevunja?

#1 Kijana wa Maabara | Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Leo nimekuja na kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi sanifu kwenye maabara ndogo ya kupima vifaa vya ujenzi. Kuna mradi wa yadi ya malori, sakafu ya zege tupu lisilo na nondo, unene milimita 250. Kwa kuwa ni zege la kukanyagwa na magurudumu, mkataba haukuishia kwenye kyubu, vile vipande vya mraba vya zege vinavyosagwa kupima mgandamizo. Unadai pia nguvu ya kupinda: 4.5 MPa (megapaskali) zege likifika siku 28, bimu za milimita 150 × 150 × 600, zinalazwa juu ya rola mbili na kubonyezwa na mbili za juu hadi zikatike.

Kyubu tulivunja asubuhi, wastani 42 MPa. Kila mtu akatabasamu. Alasiri tukavunja bimu tatu:

Bimu A: mzigo 27.8 kN (kilonyutoni), nguvu 3.71 MPa
Bimu B: 25.6 kN, 3.41 MPa
Bimu C: 28.4 kN, 3.79 MPa

Wastani 3.64. Mhandisi wa mkandarasi kanipigia simu saa moja jioni, maneno yake siyaandiki kwa sababu humu kuna watoto. Kwa kifupi, zege lake ni zima, maabara ndiyo mbovu. Upande wa mwenye mali nao wanasema kama ndivyo, sakafu ivunjwe. Zilishamwagwa kama mita za mraba 900.

Naombeni mawazo kabla sijasaini ripoti kesho.

#2 Mtoto wa Mama Ntilie | saa 2:47

Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Mzee wa Slampu | saa 3:05

Kijana, usisaini kitu usiku, na usimjibu mtu aliyekasirika kwa simu. Njoo na majibu ya haya kwanza:

Umbali kati ya rola za chini ni mm ngapi? Kila bimu imekatikia wapi, ukipima kutoka rola ya karibu? Ulikuwa unaongeza mzigo kwa kasi gani? Ulivunjia mashine gani, ile ile ya kyubu au fremu yake yenyewe? Na bimu uliilaza upande gani?

Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

#4 Nondo Kumi na Sita | saa 3:11

Mimi nauliza swali la kijinga. Miaka 14 niko saiti, nimemwaga maghorofa, matenki, makalavati, na sijawahi kuombwa bimu hata moja. Kyubu ikitoa 42 zege limeshapona. Hizi bimu ni mambo ya washauri kutafuta pa kuandikia barua.

#5 Binti Kokoto | saa 3:26

@Nondo Kumi na Sita, swali lako si la kijinga, ila jibu lake liko kwenye jina lako. Kwenye ghorofa zege linabeba mgandamizo, mvutano unabebwa na nondo. Ndiyo maana kyubu inakutosha. Sasa toa nondo zote, laza bamba juu ya kifusi, halafu pitisha lori juu yake. Tairi likikaa katikati, bamba linabonyea kidogo na uso wake wa chini unavutika. Likifika kwenye kona ya bamba, mambo yanageuka: uso wa juu ndio unavutika. Pale hakuna nondo wa kusaidia. Zege linajitegemea lenyewe kwenye kile kitu ambacho ni dhaifu nacho kuliko vyote.

Kwa mgandamizo, bamba la yadi wala halisikii kitu. Tairi la lori linakandamiza chini kwa MPa moja hivi au pungufu, na zege lina 42. Barabara ya zege haifi kwa kusagika. Inakufa kwa kupinda mara laki kadhaa hadi ufa unatokeza.

Kwa hiyo mwenye yadi anayeomba kyubu peke yake ni kama anayenunua ng'ombe wa maziwa kwa kumpima pembe.

#6 Nondo Kumi na Sita | saa 3:31

Hahaha, pembe! Sawa dada, nimekusoma. Sasa hapa kwetu barabara za zege ziko wapi hasa?

#7 Binti Kokoto | saa 3:38

Umepanda mwendokasi wa Dar, Kimara hadi Kivukoni? Yale mabasi yalianza kubeba abiria 2016, na njia yao ni zege, si lami. Ongeza maegesho ya ndege, yadi za makontena bandarini na maingilio ya mizani ya malori. Popote gari zito linaposimama, linapogeuka na kufunga breki pale pale kila siku, lami inajikunja kama mkeka, kwa hiyo watu wanakimbilia zege.

#8 Otieno wa Athi | saa 3:44

Huku Nairobi pia, Mbagathi Way ni ya zege. Nafuatilia uzi huu kwa makini sana, sisi tuna kazi ya yadi pia na mshauri ametuandikia 4.5 hiyo hiyo.

#9 Kijana wa Maabara | saa 3:58

Shikamoo @Mzee wa Slampu. Majibu:

Rola za chini mm 450 katikati kwa katikati. Za juu zimegawa theluthi, yaani 150 kutoka kila ya chini. Bimu zote tatu zimekatika ndani ya theluthi ya kati, hakuna iliyotoka nje. Kasi 0.05 MPa kwa sekunde. Mashine ni fremu ya kupinda ya kN 100, ina cheti cha ukaguzi cha mwaka huu. Bimu nililaza kwa ubavu, uso uliopigwa mwiko umeangalia pembeni.

#10 Mzee wa Slampu | saa 4:06

Marahaba mwanangu. Umefundishwa. Wengi hapo pa ubavu ndipo wanapoangukia. Ule uso wa juu uliopigwa mwiko una mabonde, ukiuweka chini ya rola bimu inakaa kwa kuchechemea na mzigo unaisokota badala ya kuipinda.

Kati ya rola na zege kulikuwa na mwanga unapita?

#11 Kijana wa Maabara | saa 4:10

Bimu B ilikuwa na nafasi kidogo rola moja. Nikaweka kipande cha ngozi.

#12 Mzee wa Slampu | saa 4:13

Ngozi unene gani? Usiniambie soli ya kandambili.

#13 Kijana wa Maabara | saa 4:15

Milimita 6, mzee. Ya duka.

#14 Bi Mizani | saa 4:29

Nimepita hesabu zake. Kwa waliochelewa: rola zikiwa za theluthi, nguvu ya kupinda ni mzigo mara umbali wa rola, gawa kwa upana mara kina mara kina. Kwa bimu hii 150 × 150 × 150 ni 3,375,000, umbali 450, kwa hiyo ukitaka MPa unagawa kN kwa 7.5 basi. 27.8 gawa 7.5 ni 3.71. Hesabu ni safi, na 4.5 inadai kN 33.75. Andikeni hiyo 7.5 ukutani, itawaokoa na kalkuleta.

Hiyo 7.5 inatumika pia kwenye kasi. 0.05 MPa kwa sekunde ni kN 0.375 kwa sekunde. Bimu nzuri ichukue kama dakika moja na nusu hadi ikatike. Hapa ndipo nimeona vituko: mtu ametoka kuvunja kyubu kwa 0.6 MPa kwa sekunde, ambayo kwa kyubu ya 150 ni kN 13.5 kwa sekunde, anaweka bimu bila kubadilisha kasi. Bimu inakatika kwa sekunde mbili na nusu, mlio kama bunduki, na jibu linapanda juu kwa sababu zege likishtukizwa huonekana gumu kuliko lilivyo. @Kijana wa Maabara, zako zilichukua muda gani?

#15 Kijana wa Maabara | saa 4:33

A ilichukua sekunde 74, nimeangalia kwenye grafu ya mashine.

#16 Bi Mizani | saa 4:35

Inalingana. Kasi siyo tatizo.

#17 Mjanja wa Saiti | saa 4:41

Wakuu mnazunguka mbuyu. Dogo tumia ile fomula ya rola moja juu: tatu mara mzigo mara umbali, gawa kwa mbili na zile nyingine. Weka kN zako hizo hizo, wastani unapanda hadi 5.46. Mkandarasi anafurahi, mwenye yadi anafurahi, wewe unalala. Nani atajua?

#18 Mzee wa Slampu | saa 4:52

Nitajua mimi, atajua Bi Mizani, na litajua lori la kwanza lenye tani 50.

Ile fomula ni ya bimu iliyobonyezwa katikati kwa rola moja. Unazidisha kwa moja na nusu kwa sababu mkazo wote unakutana kwenye mstari mmoja. Hii ilibonyezwa kwa rola mbili, na kati ya rola hizo mkazo ni sawa kwa mm 150 nzima. Ukichanganya, ni sawa na kupima mtu kwa futi halafu ukaandika mita.

Na hata ukiwa mkweli ukatumia rola moja kwelikweli, jibu bado litakuwa juu kuliko la rola mbili, kama asilimia 13 kwa maelezo ya kiwango cha Ulaya. Sababu ni rahisi: rola moja inalazimisha bimu ikatikie pale pale katikati, hata kama udhaifu uko sentimita tano pembeni. Rola mbili zinaiachia bimu mm 150 ichague yenyewe pa kukatikia, nayo huchagua pabaya. Kwa hiyo mkataba ukisema 4.5 bila kusema rola ngapi, mkataba haujasema kitu.

@Mjanja wa Saiti, tumekuchoka kila uzi.

#19 Mjanja wa Saiti | saa 4:55

Nilikuwa natania mzee.

#20 Mhandisi Karatasi | Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Asubuhi njema. Naona hakuna aliyegusa nadharia. Kwa kanuni ya Marekani ya miundo, nguvu ya kupinda ni 0.62 mara kipeuo cha pili cha nguvu ya silinda, yaani zege likisagwa kwa umbo la silinda badala ya kyubu. Kyubu 42, silinda ni kama asilimia 80 yake, 33.6. Kipeuo cha pili chake 5.80. Mara 0.62 ni 3.59.

Kijana amepata 3.64. Yaani bimu zake zimekaa pale pale kwenye fomula. Maabara haina kosa, zege halina kosa. Mwenye kosa ni aliyeandika 4.5 kwenye mkataba akiwa na zege la daraja hilo. Tufunge uzi.

#21 Nondo Kumi na Sita | saa 1:02

Nilisema washauri! Nilisema!

#22 Bi Mizani | saa 1:30

Tusifunge. Ile 0.62 iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekokotoa bimu ya nyumba itaanza kupasuka lini na itabonyea kiasi gani. Kwa kazi hiyo ni busara kushika namba ya chini. Ukipanga matokeo ya maabara, zege la kawaida linatawanyika juu ya hapo. Watu wa barabara za zege wanatumia kati ya 0.66 na 0.83. Kwa silinda ya 33.6 hiyo ni 3.8 hadi 4.8. Kwa hiyo 4.5 inawezekana, hasa kwa kokoto ya kusagwa.

Na kokoto ndiyo inayofanya hizi fomula zote ziwe za kukisia. Zege mbili zenye kyubu sawa, moja ya kokoto ya kusagwa yenye kingo, nyingine ya changarawe laini ya mtoni, haziwezi kupinda sawa. Kokoto ya kingo inashikwa na simenti kama mkono ulioshika kamba yenye fundo. Na kokoto nzuri ikija na vumbi lake haishikwi kabisa.

@Kijana wa Maabara, kokoto ya wapi?

#23 Kijana wa Maabara | saa 1:41

Lugoba, ya kusagwa, mm 20. Ilioshwa, niliikagua mwenyewe.

#24 Fundi Grisi | saa 1:55

Kagueni rola! Kwetu rola za chini zilijaa kutu zikagoma kuzunguka, na majibu yalikuwa ya ajabu. Nadhani ndicho kimeshusha.

#25 Mzee wa Slampu | saa 2:10

Majibu ya ajabu ndiyo, ila ya kushuka hapana. Bimu ikipinda, uso wake wa chini unarefuka na kutaka kusukuma rola nje. Rola ikigoma, inaubana ule uso kama mtu anayekusukuma mbavu kutoka pande mbili, na bimu inaonekana ngumu kuliko ilivyo. Rola yenye kutu ni rafiki wa mkandarasi. Paka grisi hata hivyo, ni adabu.

Kijana, tumekupekua kote na mikono yako ni misafi. Weka picha za pale zilipokatika, nyuso zenyewe, zikiwa zimesimama.

#26 Kijana wa Maabara | saa 3:20

Nimepiga sasa hivi, ila zimelala stoo tangu jana. Hizi nyingine ni za jana, nilipiga dakika chache baada ya kuvunja. [picha 4]

#27 Binti Kokoto | saa 3:34

Angalieni picha ya pili ya jana. Kwanza kokoto: ufa umekata mawe katikati, haukuyazunguka. Hiyo ni dalili ya zege zuri, simenti imeshika hadi jiwe limekubali kukatika.

Sasa angalieni kingo. Kuna pete. Katikati zege ni la kijivu kizito, limelowa. Pembezoni pote kuna mkanda mweupe mweupe, kama sentimita moja hivi kwa macho yangu. Ile siyo rangi ya simenti. Ni ukavu.

@Kijana wa Maabara, kaka, nijibu kwa upole: umesema kyubu zilivunjwa asubuhi na bimu alasiri. Kwa nini hazikuvunjwa pamoja? Na bimu zilikuwa wapi hapo katikati?

#28 Mtoto wa Mama Ntilie | saa 3:36

Karanga zimeisha naagiza nyingine.

#29 Kijana wa Maabara | saa 4:15 asubuhi

Sawa. Nasema yote.

Tangi letu ni dogo, kyubu zilikuwa kwetu ila bimu zililowekwa kwenye tangi la saiti. Jana zilitolewa majini saa moja asubuhi, zikapandishwa pikapu, zikafika kwetu saa mbili na nusu. Zilikuja wazi, bila gunia wala turubai. Nilikuwa namalizia kyubu. Saa tatu umeme ukakatika. Jenereta letu halina nguvu ya kuendesha ile fremu. Nikaziweka kibarazani kwa sababu bimu moja ina kilo 32 na sikutaka kuzibeba ndani halafu nje tena. Umeme ulirudi saa tisa kasoro, tukavunja saa tisa.

Kibaraza kinaangalia mashariki. Sikuona kama ni jambo la kuandika. Zege la siku 28, nikajua limeshakomaa, kukauka kutalifanya nini.

#30 Binti Kokoto | saa 4:21

Saa nane nzima, upepo wa pikapu na jua la asubuhi la Dar juu yake. Asante kwa kusema, kaka. Wengi wasingesema.

#31 Mzee wa Slampu | saa 4:48

Haya, sogeeni, hili nalipenda kulieleza.

Mmeona jaruba la mpunga maji yakishakatwa? Tope la juu linakauka linataka kujikunyata, tope la chini bado bichi halitaki kusogea. Wa juu anavuta, wa chini kagoma, ndipo ardhi inapasuka vipande vipande. Bimu ya kijana kibarazani ilikuwa jaruba. Ngozi yake ya nje ilikuwa inakauka na kutaka kusinyaa, tumbo lake limelowa linaizuia. Kwa hiyo ile ngozi ilikuwa imeshavutika kabla haijafika mashineni. Kijana alipoanza kuhesabu kN kutoka sifuri, zege lenyewe lilikuwa limeshaanza kuhesabu zamani.

Na ubaya wa bimu ni kwamba mvutano mkubwa kuliko wote uko pale pale kwenye ngozi, uso wa chini, milimita chache za mwisho. Ukidhuru ngozi umedhuru kipimo chote. Kyubu haina habari hiyo. Kyubu ikikauka kidogo inapanda hata, maana zege kavu linasagika kwa shida zaidi. Ndiyo maana mtu aliyezoea kyubu haoni hatari ya kibaraza: kyubu haijawahi kumwadhibu.

Viwango vinavyotumika sana vinasema bimu itoke majini iende mashineni. Wamarekani wanataka angalau saa 20 za mwisho kabla ya kuvunja iwe imezama kwenye maji ya chokaa, na ikitoka ivunjwe ikiwa bado imelowa. Kama kuna safari, funika kwa magunia mabichi, juu nailoni.

#32 Mwanafunzi Mwaka wa Nne | saa 5:02

Samahani mzee, chokaa ya nini? Mimi mradi wangu wa mwisho ni bimu za 100 × 100 × 500 zenye majivu ya pumba za mpunga, nimeziloweka kwenye maji ya bomba tu.

#33 Mzee wa Slampu | saa 5:09

Ndani ya zege kuna chokaa yake, iliyozaliwa simenti ilipokutana na maji. Maji matupu yanainyonya polepole kutoka kwenye ngozi, tena tunarudi kwenye ngozi ile ile. Ukiyashibisha maji chokaa iliyozimwa, yanakuwa yameshiba, hayana haja ya kunyonya ya kwako. Iwe chokaa iliyozimwa kweli, siyo unga wa mawe unaouzwa kwa jina hilo.

Bimu zako ndogo ni halali kwa kokoto ya mm 20. Rola weka mm 300, hapo 4.5 MPa ni kN 15 tu. Usizivunjie mashine ya kyubu ya kN 2000. Hiyo kN 15 iko chini kabisa ya kipimo chake, ni kama kupima pete ya dhahabu kwenye mizani ya magunia. Na usilinganishe namba zako moja kwa moja na za kijana: bimu ndogo hutoa juu kidogo, kwa kuwa zege lililo kwenye mvutano mkali ni dogo na nafasi ya kukutana na udhaifu ni ndogo.

#34 Mwanafunzi Mwaka wa Nne | saa 5:12

Mzee nimezivunjia hiyo hiyo ya 2000.

#35 Mzee wa Slampu | saa 5:13

Pole. Fungua uzi wako.

#36 Kijana wa Maabara | saa 6:30 mchana

Nimeongea na bosi. Kwa bahati siku ile ya kumwaga tulijaza maboksi sita ya kufyatulia bimu, siyo matatu. Tatu za akiba bado ziko tangini saiti, zege lile lile, lori lile lile. Leo jioni nakwenda kuzichukua mwenyewe na magunia, zinalala kwenye tangi letu na chokaa, kyubu za mradi mwingine tumezihamishia kwenye pipa. Ijumaa tunavunja. Nimewaita pande zote mbili waje kuona.

#37 Nondo Kumi na Sita | saa 6:41

Na umeme?

#38 Kijana wa Maabara | saa 6:44

Umeme ukikatika bimu zitabaki majini hadi urudi. Hata Jumatatu.

#39 Kijana wa Maabara | Ijumaa, saa 10:20 alasiri

Wakuu, tumetoka.

Bimu moja moja ilitoka tangini, ikafutwa maji ya juu kwa kitambaa, dakika chache iko kwenye rola. Grisi nimepaka @Fundi Grisi. Mhandisi wa mkandarasi alisimama mlangoni mikono kifuani, hakunisalimia.

Bimu D: 33.9 kN, 4.52 MPa
Bimu E: 35.4 kN, 4.72 MPa
Bimu F: 34.8 kN, 4.64 MPa

Wastani 4.63. E imekatika mm 146 kutoka rola ya karibu, yaani mm 4 nje ya theluthi ya kati.

#40 Bi Mizani | saa 10:31

Hongera. Ila 4.72 ya E si sahihi. Ikitoka nje ya theluthi kwa chini ya asilimia 5 ya umbali wa rola, kwako ni mm 22.5, unaruhusiwa kuitumia lakini kwa fomula ya tatu mara mzigo mara umbali wa ufa. 3 × 35.4 × 146 gawa 3,375 ni 4.59. Ingetoka zaidi ya mm 22.5 ungeitupa. Wastani wako ni 4.58.

#41 Kijana wa Maabara | saa 10:35

Asante mama. Bora umenishika kabla sijachapa.

#42 Mhandisi Karatasi | saa 10:50

Nakubali yaishe kwenye 0.62. Lakini hizi ni za siku 31, si 28. Upande wa pili wanaweza kupinga.

#43 Binti Kokoto | saa 10:58

Wapinge, ila siku tatu juu ya 28 haziongezi karibu MPa nzima. Zege lingekuwa linapanda hivyo tungeacha kununua simenti, tungekuwa tunasubiri tu.

#44 Nondo Kumi na Sita | saa 11:04

Kwa hiyo ile 3.64 inafutwa, sakafu inabaki, tunakunywa soda.

#45 Mzee wa Slampu | saa 11:15

Haifutwi. Kijana, sikiliza. Ripoti iwe na bimu zote sita. A, B na C ziandikwe na kN zake, na chini yake uandike zilitoka majini saa ngapi, zilikaa wapi, zilivunjwa saa ngapi, zikiwa na pete ya ukavu. D, E na F nazo hivyo hivyo. Msimamizi wa mradi ndiye ataamua ni zipi anazikubali, na kwa maelezo hayo ataamua vizuri. Ukificha tatu za kwanza, siku bamba likipasuka kwa sababu nyingine kabisa, kuna mtu ana picha ya simu ya ile 3.64, na hapo hutakuwa na la kusema.

Ongeza na hili kwenye fomu yenu ya kupokea bimu: safu ya saa ya kutoka majini. Mimi ya kwangu niliiongeza 1998, baada ya kibaraza changu.

#46 Kijana wa Maabara | saa 11:22

Kumbe na wewe mzee!

#47 Mzee wa Slampu | saa 11:24

Cha kwangu kilikuwa kinaangalia magharibi.

#48 Otieno wa Athi | saa 11:40

Sisi tunamwaga Jumatatu. Nimeagiza maboksi tisa badala ya sita, na magunia kumi na mbili. Mhandisi wetu ameuliza magunia ni ya nini, nimemtumia uzi huu.

#49 Kijana wa Maabara | Jumamosi, saa 3:10 asubuhi

Ripoti imetoka na bimu zote sita. Sakafu haivunjwi, ila wamesema kumwaga kunakofuata bimu zilowekwe kwetu, kwa hiyo bosi ameniagiza nitafute bei ya tangi kubwa. Kilichobaki ni nani analipia majaribio ya Ijumaa. Mkandarasi anasema maabara, bosi anasema waliokuja na pikapu bila turubai. Mwenye uzoefu na matangi ya lita 1,000 yaliyokatwa juu, yanahimili bimu kumi na mbili bila kuvimba?

#50 Fundi Grisi | saa 3:25

Yanavimba. Fyatua tofali ujenge, upige plasta ndani.